Antena mpya kwenye Roadster ya zamani: anza na masi, yaani bodi ya gari, si na ufito

Mwanzoni mwa Oktoba, siku zile jakaranda zinamwaga maua mpaka barabara nzima inakuwa ya zambarau, kijana mmoja aliingiza gari dogo jekundu kwenye karakana yangu hapa Kamalondo. Ilikuwa Eunos Roadster ya 1992, usukani kulia, kama magari mengi yanayotufikia Lubumbashi kutoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam, Tunduma na Kasumbalesa. Nje ya Japani gari hilo linaitwa Mazda MX-5. Alipowasha redio, nikasikia mota inanguruma ndani ya buti, na ufito wa antena ukabaki palepale, nusu ndani nusu nje, umepinda.

"Jambo, mama fundi. Antene ilishakufa. Uniwekee ingine, ile fupi, ya pezi la papa."

"Jambo, mwanangu. Na redio yenyewe, inasikika?"

"Inapiga makelele tu. Siku Mazembe inacheza naenda kusikilizia kwa jirani."

Ni miaka 19 sasa nafanya umeme wa magari, na kabla ya hapo nilikuwa nikimshikia baba yangu koleo wakati anatengeneza redio za transista kule Kenya, si nchi bali komini, yaani wilaya ya mji, ya hapahapa Lubumbashi. Desemba 2010, Mazembe ilipocheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu na Inter kule Abu Dhabi, umeme ulikatika mtaani kwetu. Mechi nzima niliisikiliza kwenye teksi iliyokuwa imeletwa kutengenezwa, majirani wamejazana milangoni. Tulifungwa 3-0, na bado nakumbuka sauti ilivyokuwa safi. Redio ya gari si pambo kwangu. Kwa hiyo naandika nilivyolifanya gari la kijana yule tangu asubuhi hadi jioni, ili mwenye gari la namna hiyo, au kijana anayeanza kazi hii, asitupe pesa kwa ufito mpya huku makelele yanabaki palepale.

Pima kabla ya kununua

Usinunue chochote bado. Toa redio kwenye dashibodi, kisha chomoa kwa nyuma plagi ya antena, ile nene yenye pini moja katikati na ganda la chuma kuizunguka. Chukua waya wa kawaida wa sentimita 75, menya ncha moja, ichomeke katikati ya tundu la redio, halafu waya upitishe dirishani usimame wima. Fanya hivyo uwanjani, si chini ya paa la mabati. Redio ikishika stesheni vizuri kwa waya huo, basi yenyewe ni nzima, na kosa liko kwenye antena au njiani. Isiposhika, ufito wowote utakaonunua ni hasara.

Hizo sentimita 75 zina sababu. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na ufito hupokea vizuri ukiwa robo ya wimbi. Ndiyo maana fito za zamani, zikipanda zote, hukaribia urefu huo.

Ukiwa hapohapo, chomoa chaja ya simu inayokaa kwenye tundu la kiberiti, zima na taa za LED kama zimeongezwa baadaye, kisha sikiliza tena. Mara mbili nimerudisha gari kwa mwenyewe bila kugusa antena, kwa sababu makelele yote yalikuwa yanatoka kwenye chaja ya bei rahisi.

Kwenye Roadster ile jaribio la waya lilinionyesha jambo jingine, ambalo kwetu huku linasumbua magari mengi. Redio ilikuwa ileile iliyokuja nayo kutoka Japani. Kule FM yao ilipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90. Huku kwetu stesheni ziko kati ya 87.5 na 108. Redio ile inaishia pale ambapo zetu ndiyo kwanza zinaanza. Hata ungeifungia mlingoti wa meli, Radio Okapi kwenye 95.8 isingeingia, maana namba zake hazifiki huko. Kijana alikuwa anasikia makelele kwa sababu mbili kwa wakati mmoja, na antena ilikuwa moja tu kati ya hizo.

Dawa ni kubadili redio, au kuweka kijisanduku cha kushusha masafa ambacho mafundi wengi wanakiita ekspanda. Kinakaa kati ya waya wa antena na redio, kinataka umeme wa volti 12 redio inapowaka, basi. Kile kinachoshusha megahezi 12 kinaifanya 95.8 ionekane kwenye redio kama 83.8. Lakini hesabu hiyo ifanye mpaka mwisho: 90 ukijumlisha 12 ni 102, kwa hiyo stesheni iliyo juu ya 102 inabaki nje. Muulize mteja anasikiliza nini kabla hujamfungia, asije akakurudia kwa hasira. Mimi nilimshauri anunue redio mpya. Alikataa, anataka dashibodi ibaki kama ilivyotoka kiwandani, na nilimwelewa. Stesheni zake zote zilikuwa chini ya 102. Tukakubaliana kijisanduku kifichwe nyuma ya redio.

Kwa nini nilikataa pezi la papa

Pezi ni fupi mno kwa wimbi la mita 3. Ndani yake mara nyingi kuna waya uliosokotwa na kikuza mawimbi kidogo cha kufidia ufupi huo, na kikuza hicho hakichagui: kinakuza stesheni pamoja na makelele ya chaja na ya injini. Kwenye gari lenye paa la bati, pezi zuri linatosha kwa mtu anayezunguka mjini, kwa sababu chini yake kuna bati pana. Roadster haina paa la bati, ina turubai. Pezi lingebidi likae kwenye kifuniko cha buti, na kifuniko hicho kimeshikana na bodi kwa bawaba tu, bawaba zenyewe zimejaa rangi na grisi. Kuna pia mapezi ya kubandika kwa gundi ambayo ukiyapasua ni matupu. Hayo ni mapambo, nunua ukitaka pambo.

Tulichochukua ni ufito wa sentimita 40, wa kufungua kwa mkono, usio na kikuza, wenye kitako kinachoinama. Kitako cha kuinama ni lazima, kwa sababu bati la ubavu wa nyuma, juu ya gurudumu, limejipinda, na kitako kilichonyooka kitaacha upenyo wa maji. Pima tundu la gari kwa kaliba, kile kifaa cha kupimia upana, kabla hujaenda dukani. Antena ya mota inapita kwenye tundu kubwa kuliko mguu wa antena ya kawaida, kwa hiyo kitako kipya lazima kifunike tundu lote na kubaki na milimita kadhaa kila upande. Kisipofunika, tafuta kingine. Usipanue tundu wala usitoboe jipya kwenye gari kama hili.

Nenda dukani na multimeta, kile kipimo cha umeme. Niliwahi kuuziwa mjini antena ambayo waya wake ulikuwa umekatika ndani, na niligundua baada ya kuifunga. Siku hizi napimia kaunta. Kwa antena isiyo na kikuza: pini ya katikati mpaka kwenye ufito, multimeta isome karibu na ohm 0 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme), pini ya katikati mpaka kwenye ganda la plagi, isisome kitu. Muuzaji asiyetaka upime, mwachie antena yake.

Kutoa ya zamani

Kwenye Roadster hii betri haiko mbele na injini. Iko ndani ya buti, upande wa kulia, jirani kabisa na mota ya antena. Fungua terminali ya hasi kwa spana namba 10, ifunge kitambaa isirudi kugusa.

Ujirani huo ndio ulioua antena. Betri ya kiwandani ilikuwa na mipira miwili myembamba ya kupeleka mvuke nje ya gari. Mtu fulani, huko nyuma, aliweka betri ya kawaida bila mipira, na mvuke wa asidi ukawa unalamba bati na mota miaka yote hiyo. Ukiikuta hali hiyo, usifunge kitu kipya kabla hujapata betri yenye mipira yake. Utakuwa unampikia asidi chakula.

Kazi ya kutoa yenyewe ni fupi. Vua paneli ya ndani ya buti, vishikizo vya plastiki vikivunjika weka vingine. Juu, kwenye bati, nati ya antena ina mifereji miwili badala ya pembe sita. Wengi wanaipiga kwa patasi na kukwaruza rangi. Tumia koleo ya sakili, ile ya kutolea pete za kubana, yenye ncha nyembamba, na kabla ya hapo zungushia nati mkanda wa karatasi tabaka tatu. Chini, bolti moja ya 10 inashika mota. Chomoa plagi ya umeme, chomoa waya wa antena kwa kushika plagi, usivute waya, kisha mota inashuka yote ndani ya buti. Inakuja na mpira wa kutolea maji unaopita sakafuni. Tundu linalobaki sakafuni lizibe kwa mpira, la sivyo vumbi na maji vitaingia.

Masi

Hapa ndipo nataka uache kila kitu na kusoma taratibu. Ufito ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bodi ya gari, ile tunayoita masi. Wimbi linapokuja, umeme mdogo sana unatembea kati ya ufito na bati lililo chini yake, na waya unapeleka tofauti hiyo kwenye redio. Bati lisiposhikana na kitako, redio imebaki na nusu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Niliinama ndani ya buti na taa, nikatazama tundu kwa chini. Kulizunguka palikuwa na duara la kutu la rangi ya kahawia, na juu ya kutu unga mweupe wenye ukijani, ule wa asidi, unaoshuka ukipulizwa. Nje ya duara hilo kulikuwa na rangi nyekundu, nzima, inang'aa. Kabla sijagusa kitu nilipima: ganda la waya wa antena ya zamani mpaka bodi, ohm 47. Kwa nguvu ndogo inayotoka kwenye antena, hicho ni kizuizi.

Unga wa asidi uoshe kwanza kwa maji yenye soda ya kupikia. Utaona unatoa povu. Endelea mpaka povu linaisha, suuza, kausha kabisa. Kisha chukua msasa namba 120, uukunje kidogo kama ukubwa wa ukucha, ukwangue kwa chini tu, kuzunguka tundu, upana wa washa yako, ile pete ya chuma inayokaa kati ya nati na bati, na si zaidi. Utasikia mlio ukibadilika. Msasa ukiwa kwenye rangi unateleza kimya, ukifika kwenye chuma unaanza kulia mkavu. Simama chuma kinapong'aa kama shilingi mpya. Upande wa juu usiguse, rangi ya juu ndiyo kinga ya gari.

Washa ya antena ina meno. Watu wanadhani ni ya kuzuia nati isilegee. Inafanya hivyo, lakini kazi yake kubwa hapa ni kuuma chuma. Meno yaelekee bati. Paka chuma kilichokwanguliwa grisi au vaselini nyepesi kabisa, kama unavyompaka mtoto mafuta, halafu kaza. Meno yatapenya grisi na kushika chuma, grisi itabaki pembeni ikizuia kutu.

Gasketi ya mpira inakaa juu, kati ya kitako na rangi. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilimwaga silikoni kila mahali, juu na chini, nikiamini nazuia mvua. Nilizuia mvua na nikazuia masi, na mama wa watu alirudi na gari lake baada ya siku mbili. Ile silikoni yenye harufu ya siki ni mbaya zaidi, inakula chuma kilicho wazi. Ukilazimika kuitumia silikoni, chagua isiyo na harufu hiyo, na iishie juu.

Nilipokaza nilipima tena, ganda mpaka bodi: ohm 0.3, na nyaya za multimeta zenyewe ndani ya hesabu hiyo. Ukipata zaidi ya ohm 1, fungua, kwangua tena. Usijidanganye kwamba itajirekebisha.

Nyaya zilizobaki

Mota ya zamani ilikuwa na nyaya tatu, na ukiitoa zinabaki zinaning'inia. Rudisha betri kwa muda, weka multimeta kwenye volti. Ule unaosoma volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni ni umeme wa kudumu: ufunge peke yake kwa utepe wa umeme, tena usiuache karibu na chuma. Ule unaopata volti 12 redio ikiwashwa tu ni ishara ya redio. Wa tatu ni masi. Kama antena yako mpya ina kikuza, ishara ile ndiyo chakula chake, huna haja ya kuvuta waya mwingine kutoka mbele. Kwetu kikuza hakikuwepo, kwa hiyo nilizifunga zote, kila mmoja peke yake, nikazikunja na kuzifungia kwenye kifungu cha nyaya za buti. Sikuzikata. Mtu anaweza kuzihitaji.

Waya wa antena mpya ukiwa mfupi, nunua wa kurefushia wenye plagi za kiwandani pande zote mbili. Usiunge kwa kusokota wala kwa waya wa spika. Waya wa antena una kiini katikati na wavu kuzunguka, na ukivuruga mpangilio huo unapoteza wimbi na kukaribisha makelele ya injini.

Maji, halafu barabara

Kwetu mvua inaanza Novemba, usiiachie mvua ikujaribie kazi. Nilifunga buti, msaidizi wangu akamimina maji juu ya kitako kwa ndoo yenye matundu, dakika 10, mimi nikiwa nimetandika gazeti kavu chini ya tundu. Gazeti lilitoka kavu. Lingelowa, ningelegeza, ningesogeza gasketi na kurudia.

Kisha tulichukua barabara ya Kipushi, kama kilomita 30, kijana akiendesha, turubai limefunguliwa. Mjini kila antena inajifanya nzuri, kwa sababu minara iko karibu, kwa hiyo mpeleke mteja nje ya mji asikie mwenyewe. Redio ilisomeka 83.8, yaani 95.8 yetu, habari za Kiswahili zilikuwa zinasomwa. Tulipita nyumba za mwisho, sauti ikabaki imesimama. Mbele zaidi ilianza kukwaruza kwenye mabonde na kurudi kwenye vilima, jambo la kawaida kwa FM, ambayo haipendi kitu kikae katikati. Kijana hakusema neno. Alipunguza mwendo tu kila palipotokea bonde, apate kusikia sentensi mpaka mwisho.

Nilimwachia maagizo mawili. Akiegesha sokoni, afungue ufito kwa mkono auweke ndani ya gari, maana watoto wanapenda kuupinda. Na kila baada ya miezi michache aangalie kama kitako hakijalegea, kwa kukishika na kukitikisa tu.

Mota ya zamani nilimrudishia ndani ya boksi. Meno ya kamba yake ya nailoni yameliwa, lakini siku moja anaweza kupata ufito na kamba yake vikiuzwa pamoja na kuirudisha gari kama ilivyozaliwa. Ile nati yenye mifereji miwili nilifunga kwa waya kwenye mota yenyewe, kwa sababu ndiyo kitu kidogo kuliko vyote pale, na ndiyo itakayomsumbua kuipata.